Kadi Niliyoichonga kwa Tupa

Mke wangu alipoanza kusema anaona moshi, nilidhani ni moshi kweli. Jiko letu la kuni lilikuwa nyuma ya nyumba, na upepo wa Shinyanga mwezi wa nane huingiza kila kitu ndani. Nikamwambia afunge dirisha. Alikuwa ameshalifunga.

Hospitali walisema ni sukari. Ilikuwa imeanzia kwenye kidonda cha mguu, sasa imepanda machoni. Daktari alinivuta pembeni kwenye korido, akaniambia jicho la kushoto limekwisha na la kulia linalifuata.

"Mzee, kama kuna kitu anapenda kukiona, akione sasa. Usingoje Krismasi."

Nilimjibu nimeelewa, na ni kweli nilielewa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanitetea kwa kudhani sikujua.

Kitu alichotaka kukiona kilikuwa kimoja tu, harusi ya binti yetu wa kwanza. Binti alikuwa muuguzi Geita na alikuwa ameolewa huko mwezi wa saba. Kwa ajili ya ugonjwa wa mama yake tuliacha kufanya sendofu nyumbani, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, kila kitu kikafanyika hukohuko mara moja. Mama mwenyewe alikatazwa kusafiri. Njia ya Kahama na Masumbwe wakati ule ilikuwa mashimo na vumbi tangu asubuhi hadi jioni, na mguu ule usingefika salama. Alinipigia pasi suti, akanifungia vitenge vya kumpelekea mtoto, akasema, "Nenda. Lakini uniletee picha zinazotembea. Nataka nimwone anavyotembea."

Kamera ilikuwapo. Wakati huo nilikuwa mtunza stoo kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu upande wa Geita, na Mzungu mmoja mtaalamu wa miamba, akienda likizo ndefu kwao, aliniazima kamera yake ya video, ile mpya ya kanda ndogo kama kiberiti. Alinipa pia laptopu yake kuukuu, akisema haihitaji tena. Kabla hajaondoka alinieleza kwamba siku hizi ukiwa na kadi maalumu ya kuchomeka ubavuni mwa laptopu, unaweza kuiingiza kanda yote kwenye kompyuta, ukaikata na kuiunga, na asijue mtu kwamba kulikuwa na kipande kingine. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikaa.

Harusi ilipigwa picha na dereva wetu wa kambi. Alikuwa mtu wa bidii na hakuacha kitu. Nilirudi Shinyanga na kanda mfukoni, na ndani ya kanda kulikuwa na dakika sita ambazo mke wangu hakutakiwa kuziona.

Pale Geita, karibu na kambi, kulikuwa na mwanamke mwenye mgahawa. Nilianza kwa kula kwake mchana. Miaka minne baadaye nguo zangu zilikuwa zinafuliwa kwake. Binti yangu alipohamia hospitali ya pale bila kumjua mtu, mwanamke huyo ndiye aliyemtafutia chumba na kumpikia mwezi wa kwanza. Kama binti alijua habari zangu na yeye, hakuniambia, nami sikuuliza. Ulipofika wakati wa keki, desturi inataka bibi harusi awalishe wazazi wake, na kiti cha mama hakiachwi wazi. Binti akamwita yeye. Akaja akakaa kando yangu mbele ya watu wote, akalishwa keki ya mama.

Njia rahisi ya kuonyesha kanda ile ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Ndani ya mkoba wa kamera kulikuwa na waya wa kuunganishia televisheni, na jirani yetu alikuwa na televisheni. Ningechomeka waya, mke wangu angemwona mtoto wake jioni ileile. Hata mwenye studio pale mjini angeweza kuninakilishia kwenye kanda kubwa akaruka kipande nisichokitaka. Lakini ili akiruke ingebidi akione, na Shinyanga ya wakati ule habari ilikuwa inatangulia kufika nyumbani kabla yako. Nilitaka kukata mwenyewe, kwa mkono wangu, bila shahidi.

Kwa hiyo nilikwenda kuagiza kadi. Mwenye duka la redio na saa karibu na soko, Mhindi mtu mzima aliyezaliwa palepale Shinyanga na aliyejua Kisukuma kunishinda, aliandika jina la kadi kwenye karatasi ya kufungia betri.

"Hii nitaitoa Dar, na Dar wataitoa Dubai," alisema. "Una haraka?"

"Kidogo."

"Mgonjwa ndiye ana haraka. Wewe una haraka ya nini, mzee wa kambi?"

Hakujua alichokisema. Nilicheka naye.

Kadi ilichukua wiki tano. Katika wiki hizo mke wangu alihama kiti chake kutoka barazani hadi mlangoni, kisha uani kwenye jua kali, akifuata mwanga. Alianza kuchambua mchele kwa kupapasa. Kila nilipotoka kambini kwa mapumziko aliniuliza kitu kilekile.

"Kanda bado?"

"Bado, mama. Kuna kifaa nakisubiri."

"Kifaa cha nini? Si ulisema kamera ina kila kitu?"

"Nataka utazame vizuri."

Jirani yetu, yule mwenye televisheni, alikuwa haniachi. "Shemeji, sinema lini? Au unaichimba kama wachimbaji, mpaka ufike kwenye mwamba?" Mke wangu alicheka, akinitetea. "Mwache. Huyu akishika kitu lazima akinyooshe. Hata ugali anaunyoosha."

Kadi ilipofika nilikaa nayo barazani mchana kutwa. Ilikuwa nyembamba, ya chuma, yenye utepe wa rangi ya dhahabu uliojaa vipele kwenye ncha inayoingia. Niliisukuma kwenye tundu la laptopu. Ikaingia vizuri, ikakwama ikiwa imebakiza upana wa ukucha. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Ikakwama palepale. Mle ndani ya laptopu kulikuwa na kadi nyingine ya zamani, ya kuungia waya wa simu, ambayo iliingia na kutoka kama droo iliyopakwa sabuni. Nikaziweka zote mbili juu ya goti, nikazilinganisha. Mpya ilikuwa na kijino pembeni ambacho ile ya zamani haikuwa nacho.

Nilirudi dukani. Mwenye duka alivaa miwani, akaitazama kadi, akaitazama laptopu, akavua miwani.

"Hizi haziwezi kuoana, bwana. Kadi ni ya kisasa, kompyuta yako ni bibi. Niachie kadi, nikupe redio nzuri."

"Ni kijino tu hiki kinachozuia."

"Aliyekiweka hakuwa mjinga. Isipoingia usiilazimishe. Unanisikia? Usilazimishe."

Nilimsikia. Lakini kabla ya kwenda kambini nilikuwa fundi wa mashine za kusaga, miaka kumi na miwili, kutoka vijiji vya Mwadui hadi mpaka wa Kahama. Spea ya mashine yako haikuwa inapatikana. Ilikuja ya mashine nyingine, kubwa kidogo au ndefu kidogo, ukaibana kwenye jiliwa, ukaipigia tupa mpaka ikubali. Tulichonga pulei, tulichonga beringi, tulichonga hata meno ya gia kwa macho tu. Kwetu kitu kisichoingia kilikuwa hakijachongwa bado, basi. Watu wa kijiji walikaa na magunia yao ya mahindi wakikungoja, na jioni mashine iliunguruma, nawe ukaitwa fundi. Mtu aliyeishi hivyo huwezi kumwambia kwamba kuna kitu kimekataa kuingia kwa ajili ya usalama wake.

Nilichukua tupa ndogo ya pembe tatu. Kijino kilikuwa laini, hakikufikisha hata dakika kumi. Nikafuta unga wake kwa shati. Mke wangu alikuwa amekaa karibu, miguu juu ya stuli, akisikia.

"Unanoa nini?"

"Narekebisha kile kifaa."

"Sasa ndiyo itakuwa leo?"

"Ndiyo itakuwa leo."

Nikaiwasha laptopu kwenye umeme, nikaisukuma kadi. Safari hii ilizama yote. Niliusikia ule mlio mdogo wa kitu kilichokaa mahali pake, mlio ambao fundi yeyote anaupenda, na kwa muda wa pumzi moja nilikuwa na furaha. Halafu kioo kikawa cheusi. Harufu ilikuja taratibu, kama sahani ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko.

"Kuna kitu kinaungua," mke wangu alisema.

"Ni takataka za jirani."

Baadaye sana, Mwanza, fundi wa kompyuta alinieleza kwamba umeme wa tundu lile ulikuwa mkubwa kuliko ule ambao kadi iliweza kubeba, na kijino kiliwekwa ili watu kama mimi wasizikutanishe. Akaongeza, bila kunionea huruma, kwamba hata kama ingefanya kazi, laptopu ile isingeweza kubeba zaidi ya dakika mbili tatu za kanda. Nilikuwa nimewapotezea watu wiki zote zile kwa kazi isiyowezekana tangu mwanzo.

Nilibaki siku tisa zaidi bila kufanya lolote. Sikuwa na wazo lingine na nilikuwa nimechoka, uchovu ule wa mtu anayeogopa. Kisha ikaja salamu kutoka kambini kwamba Mzungu amerudi na anauliza kamera yake. Ndipo nilipochukua mkoba, nikamshika mke wangu mkono, tukavuka uwanja kwenda kwa jirani, mchana baada ya chakula. Nilichomeka waya. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Jirani alimvutia kiti mbele kabisa. Picha ya kanisa ikatokea, kwaya ikaanza. Mke wangu aliinama mbele mpaka pua ikakaribia kioo. Aligeuza kichwa upande huu, akakigeuza upande ule, kama kuku anayechungulia punje.

"Naona weupe," alisema. "Ule weupe ndiye yeye?"

Ulikuwa ukuta wa kanisa.

"Ndiye," nilisema.

Akarudi nyuma kwenye kiti. Hakulia. Alinyoosha kanga magotini. "Basi nisimulie. Wewe una macho."

Nikamsimulia. Nilimwambia mtoto anavyotembea, polepole, akivuta mguu wa kushoto kidogo kama anavyofanya tangu utotoni. Nilimwambia bwana harusi anajifuta jasho kwa leso iliyokunjwa, na shemasi amesahau ukurasa. Alicheka mahali pa kuchekea. Jirani naye alisaidia, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, na shela lake lingefika mpaka Kahama!"

Tukafika ukumbini, kisha kwenye keki. Niliuweka mkono juu ya kamera, karibu na kitufe cha kusogeza mbele, na sikukibonyeza, kwa sababu jirani alikuwa ananitazama. Sauti ya mshereheshaji ikajaa chumba: "Mama mzazi ni mgonjwa Shinyanga, tunamwombea. Lakini bibi harusi hakosi mama hapa Geita! Mama, simama tukuone!" Vigelegele.

"Ni nani?" mke wangu aliuliza.

"Mama mmoja wa pale. Alimsaidia mtoto alipohamia."

Hakuna neno la uongo katika jibu lile, na lilikuwa uongo mtupu. Dereva wetu, kwa bidii yake, alikuwa amesogea karibu kabisa na meza, na kamera ilishika kila kitu. Sauti ya mwanamke ikasikika, ya chini, si ya kuwaambia watu: "Geuka huku. Una keki kwenye ndevu." Ikasikika sauti yangu ikicheka.

Jirani alisimama akasema anakwenda kutazama maharage jikoni. Hatukusikia harufu ya maharage.

Mkono wa mke wangu ulitafuta kingo ya kiti ukaishika.

"Amevaa nini?" aliuliza.

"Gauni la kijani. Na kitambaa kichwani."

"Ni mtu wa makamo?"

"Ni mtu wa makamo."

"Haya." Akavuta pumzi. "Na mtoto? Wakati anamlisha, anacheka au analia?"

Zile dakika sita nilikuwa nimezitazama kwenye kioo kidogo cha kamera mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikipima ningekata wapi na kuunga wapi. Niliujua kila mkunjo wa gauni la kijani na kila upumbavu wa uso wangu mwenyewe. Mtoto nilikuwa sijamtazama hata mara moja.

Nikamtazama. Alikuwa ameshika kijiti chenye keki, mkono ameunyoosha nusu. Kabla ya kukipeleka mdomoni mwa yule mama aligeuka akaiangalia kamera moja kwa moja, midomo ikasema neno ambalo ngoma ilikuwa imelifunika, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Analia," nilisema. "Anatazama huku kwenye kamera, kama anatutazama sisi. Amesema kitu. Nadhani amekuita."

"Rudisha hapo."

Nikarudisha. Nikamsimulia tena, taratibu zaidi, mkono, kijiti, kidevu. Aliposema tena rudisha, nikarudisha. Sauti ya yule mwanamke ilipita kila mara, na kicheko changu, naye alivipisha kama mtu anayepisha ng'ombe barabarani. Alinirudisha pale mara sita, akiwa amefumba macho, mpaka betri ya kamera ikaisha.