Mzee Eliudi Huchora wa Mwisho

Saa tatu asubuhi, Shamsia Mudrik hatulii kitini. Kwenye skrini yake kuna picha ya kifua cha Mektrida, mkulima wa kahawa kutoka Old Moshi anayesubiri kujua kama atapasuliwa. Ndani ya pafu kuna doa. Shamsia analizungushia mstari, anauficha, kisha anatoka mbio.

"Mzee asione nimechora wapi!" anacheka.

Mzee ni Eliudi, mkuu wake wa kazi katika kliniki moja binafsi mjini Moshi. Hapo kila doa huchorwa na watu watatu, na kompyuta hukokotoa wamepishana kiasi gani. Kupishana huko ndiko shaka yao, na daktari huisoma pamoja na kipimo chenyewe.

Mwanzoni shaka ilikuwa karibu na sifuri, nao wakajipongeza kweli kweli. Kumbe Mzee ndiye aliyekuwa akianza, mstari wake unabaki kwenye skrini, na vijana wanapita mulemule. Nani ambishie mzee?

"Nilidhani tumeiva," anasema Mzee Eliudi, akijicheka mwenyewe. "Kumbe wananipa shikamoo mpaka kwenye picha! Nikawaambia, kuanzia sasa kila mtu peke yake, na mimi wa mwisho."

Utaratibu huo ulimkuta Mektrida pabaya. Doa lake lilikuwa limeonekana kukua kutoka milimita 18 hadi 21, na upasuaji ukaanza kuzungumzwa. Picha zilipochorwa upya, watatu hao walipishana kwa milimita tano, kuliko hata hizo tatu za kukua. Hapo nani aseme limekua? Daktari akampa dawa na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Miezi hiyo imeisha leo. Mektrida yuko kwenye benchi, ameshikilia kitenge chake kwa mikono miwili. Mzee Eliudi anachora, anainuka, kompyuta inatoa jibu. Shamsia anapiga makofi na kukimbilia nje.

"Mama, limepungua!"

"Mna hakika, mwanangu?"

"Hakika yote hatuna, mama. Tumepishana kama kawaida yetu. Ila hata aliyelichora kubwa kuliko wote, kapata kumi na moja!"

Daktari naye anatoka akitabasamu: hakuna kisu, dawa ziendelee. Furaha inayolipuka pale barazani haielezeki.

Shamsia sasa anataka kuwafundisha wenzake wa Bomang'ombe uchoraji huu wa kufichana mistari. Mektrida ana mpango wake.

"Jumamosi njooni kihambani, kwenye migomba yangu, mle ndizi," anasema, akifuta machozi. "Na kwangu mimi, Mzee anapakuliwa wa kwanza."