Amri Mbili za Kazi Moja

Umewahi kufuta kitu ambacho mtu mwingine bado anakitegemea? Mwandishi wa programu ofisini kwetu hajawahi. Lugha ya kompyuta ikipata toleo jipya, yeye huandika kila amri mara mbili, ya sasa na ya zamani, kisha huijaribu ya zamani kwenye kompyuta kuukuu, akiinong'oneza kama anayebembeleza mtoto alale. Jana nilimfokea: "Kaka, tutabeba maiti hii mpaka lini?" Vidole vyake vikaelea juu ya vibonye. "Maiti gani, mdogo wangu? Mashine za zahanati ng'ambo ya mto hazipokei toleo jipya. Tukiifuta amri ya zamani, muuguzi atajuaje nani apewe dozi gani?"

Leo asubuhi nilikwenda huko. Muuguzi aliwasha mashine, ikanguruma, ikanyamaza kitambo, kisha majina ya wagonjwa yakachomoza mojamoja kama watu watokao ukunguni. Akasoma la kwanza, na mwanamke aliyesinzia kwenye benchi akanyanyuka.