Mgeni wa Nani

Naikumbuka siku moja niliyojifungia chumba cha gesti Babati mchana kweupe, nimezuia pumzi ili mtu aliyekuwa ananitafuta asijue nimo. Mwanangu, naanza na siku hiyo kwa sababu jana umenionyesha kwenye simu yako hizo hosteli unazotaka kulala, vitanda sita chumba kimoja, na wote hamjuani. Unasema unakwenda kutembea tu, peke yako, kuona miji. Sikuzuii, maana na mimi nilitembea. Ila kaa kidogo unisikilize, hiyo simu iweke pembeni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilitoka Mpwapwa nikienda Arusha kwenye usaili wa kazi ya ualimu, nikaona nishuke Babati siku moja kabla ili niuone mji na lile ziwa lenye viboko ambalo mwalimu wetu wa jiografia alikuwa hamalizi kulisimulia. Sikuwa na ndugu pale wala rafiki. Nilikuwa na begi dogo na bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu halisi, na juu yake nimeandika kwa mkono wangu jina lote, Tabitha Yona Chilewa. Bila bahasha ile hakuna usaili, na bila usaili nilikuwa narudi nyumbani, ambako baba alishampokea mshenga wa mtu nisiyemtaka.

Shangazi zangu walikuwa wamenijaza maneno kabla sijaondoka. Mjini usimtajie mtu jina lako. Usiseme unalala wapi. Anayekusalimia vizuri ndiye wa kuogopwa zaidi. Niliyabeba yote, na mengine nikayaongeza mwenyewe njiani.

Gesti niliyofikia ilikuwa karibu na stendi, vyumba vinane vinavyotazama uani. Aliyekuwa anaiangalia ni mama mmoja mwenyeji wa Dareda, wakimwita Mama Paskalina, mtu wa maneno machache na sauti ya taratibu. Alinisukumia kauntabuku la wageni, mistari kaichora mwenyewe kwa rula. Jina, utokako, uendako, na mwisho kabisa, mwenyeji wako. Nikamuuliza hiyo ya mwenyeji ni ya nini. Akasema ni ili likitokea jambo ajue amwite nani. Mimi nikasikia anataka kujua kama nina mtu wa kunitetea au sina. Nikaandika Rehema Athumani, kutoka Tabora, kwenda Moshi. Kwenye mwenyeji nikapiga mstari tu. Nilijiona mjanja, mwanangu, nikalala nacheka.

Asubuhi nikautembea mji na bahasha kwapani, kwa sababu kufuli la chumba sikuliamini. Nilipita mtaa wa Bagara nikashuka hadi ziwani. Viboko sikuwaona. Niliwaona watu, na kila mtu nilimwona anaitazama bahasha yangu. Mvuvi mmoja alinikaribisha nikaone samaki wake, nikampita bila kujibu, na mpaka leo naona aibu kwa sababu alikuwa mzee kuliko baba yangu na hata shikamoo sikumpa. Nilikuwa katika mji mzuri na sikuuona hata kidogo.

Karibu na saa sita niliingia mgahawani kunywa chai, maana basi langu la Arusha lilikuwa la saa nane. Bahasha nikaiweka kwenye benchi nikaikalia, ili asiwepo wa kuichomoa. Meza ya pili alikuwepo mzee mwenye kanzu na baraghashia, muuza vitambaa wa duka la jirani. Nilimwamkia kwa shingo upande. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Binti, wewe ni mgeni wa nani?"

Lilikuwa swali lile lile la kwenye kauntabuku, nikajua moja kwa moja kwamba hawa wanajuana na wameshapanga. Nikaacha chai nusu, nikaondoka haraka bila kuaga.

Nilifika gesti nikafunga mlango, nikauwekea na kiti. Baada ya kama nusu saa nikasikia sauti ya yule mzee pale mapokezi. Alikuwa anauliza kama yupo msichana anayeitwa Tabitha Yona Chilewa. Jina langu sikumtajia mtu hata mmoja Babati, huyu kalipata wapi? Mama Paskalina akamjibu kwamba hana mgeni wa jina hilo. Nikasikia mzee akiondoka, mguu mmoja unaburuta, na mimi nikamshukuru Mungu kwa uongo wangu.

Kisha nikaanza kupanga begi, nikaitafuta bahasha. Haikuwepo. Nilikaa sakafuni, na hapo ndipo nilipojua jina langu lilisomwa wapi.

Nilimkimbilia Mama Paskalina nikamwambia kwamba aliyekuwa anatafutwa ni mimi. "Alikuwa anamtafuta Tabitha," akasema. "Wewe si Rehema?" Nikamweleza yote huku nalia. Hakunigombeza. Alichukua kauntabuku lake, akafunga ofisi, akaniambia tuongozane.

Mzee Hamadi, ndilo lilikuwa jina lake, tulimkuta dukani, bahasha iko mbele yake juu ya jora la kitambaa. Gesti yetu ilikuwa ya nne kuulizia kwa mguu ule mbovu. Nikanyoosha mkono kuichukua, naye akaifunika kwa kiganja. Akamuuliza Mama Paskalina kama ananijua. Mama akasema ananijua kwa jina nililompa. Basi yule mzee akaniangalia kama mimi nilivyokuwa nikiuangalia mji wake tangu jana. Akasema vyeti siku hizi watu wanaiba wakaombee kazi.

"Mwenye vyeti ameitwa, hakuitika," akaniambia. "Wewe hukuitwa, na umekuja."

Vyeti vya wakati ule havikuwa na picha. Stendi ilikuwa jirani, na basi langu lilikuwa limeshaanza kupiga honi.

Mama Paskalina ndiye aliyefungua kauntabuku na kuliweka kando ya bahasha. Mzee akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye herufi zangu, hasa ile h yenye mkia niliyokuwa nikijivunia shuleni. Alichukua muda wake. "Mkono ni mmoja," akasema. "Majina ndiyo mawili." Akanisukumia bahasha.

Nilitaka kukimbia, lakini Mama Paskalina alinishika mkono, akanipa kalamu nirekebishe kitabu chake kwanza. Nikamkata Rehema, nikajiandika mimi. Nilipofika kwenye ule mstari wa mwenyeji, kalamu ikasimama.

"Andika Mama Paskalina," akasema. "Na ukiulizwa tena wewe ni mgeni wa nani, ujibu."

Basi nililiwahi. Kazi niliipata, nikafundisha mpaka nimestaafu, na yule wa mshenga alioa kwingine.

Sasa nenda, mwanangu, na ninalokuambia ni hili. Hofu yako usiiache nyumbani, utaihitaji. Funga mlango, jaribu kitasa mara mbili, mimi mpaka leo nafanya hivyo na mnanicheka. Lakini mji usiokujua hauwezi kukurudishia kitu chako. Huko utakakolala, mtazame vizuri anayeshika kitabu cha wageni, msalimie, na umwandikie jina lako la kweli, na jina letu sisi wa kuitwa likitokea jambo. Mungu akupe mlango wenye ufunguo, na nje ya mlango huo akuwekee mtu wa kukuita kwa jina lako. Nawe akikuita, mwanangu, itika.