Nilimfukuzisha Daktari Asiyetundika Dripu

Kosa ni langu, na sitaki huruma ya mtu. Mwenye huruma ampelekee mama yangu.

Zahanati ya kijijini kwetu, huku Ngara, ilikuwa na daktari wa maswali mengi na dawa chache. Ukienda unaumwa tumbo, atakubonyeza, atakuuliza umekula nini na umelalaje, kisha anakurudisha nyumbani na ushauri. Na kwetu mtu akitoka kutibiwa, kilabuni huulizwa ametundikiwa chupa ngapi za dripu. Baba alienda akiumwa mgongo, akarudi na vidonge vya maumivu na amri ya kupumzisha jembe. Watu wakamcheka. Nikaona aibu, mpumbavu mimi.

Mkutano wa kijiji ulipoitwa, nikasimama.

"Daktari gani huyu? Hapimi, hachomi sindano, anatupigia soga tu!"

Nilipigiwa makofi, na niliyafurahia. Malalamiko yakafika wilayani, akahamishwa. Siku anaondoka alinisalimia njiani. Niligeuza uso.

Aliyekuja hana maswali. Anaandika vipimo vya damu, mkojo, picha mkapige mjini, kisha dripu. Sisemi ni mwizi. Ndivyo anavyofanya kazi, haamini mpaka apime kila kitu. Mgongo uleule wa baba ulimaliza mbuzi wetu na mtamba tuliyekuwa tukimtegemea, na jibu likawa lilelile: apumzishe jembe.

Kwa hiyo homa ilipompata, baba aliificha. Alitetemeka kwenye maharage akidai ni baridi. Nilimwambia, "Baba, twende zahanati." Akakataa.

"Mwanangu, kimebaki kibanja hiki cha migomba tu. Nikitibiwa mimi, mama yako atakula nini?"

Nilipombeba kwa nguvu alikuwa hajitambui tena. Ilikuwa malaria, ambayo yule wa kwanza angeiona mapema na kuimaliza kwa vidonge. Tulimzika kwenye migomba yake.

Ninyi mlionipigia makofi sasa mnakuja kwangu kulalamika eti matibabu yamekuwa ghali. Msije. Na wewe wa kijiji kingine, unayemdharau daktari kwa sababu kakutibu kwa kidogo, ukifika mkutanoni kaa chini ufunge domo lako. Ukishindwa kufunga, andaa na jeneza.

Juzi nilimsikia mama akikohoa nyuma ya nyumba. Aliponiona alijiziba mdomo kwa kanga, akasema ni moshi wa jikoni. Moto ulikuwa haujawashwa.