Kaniki ya Kambini

Majina ya watu wa kwetu ninayo yote kichwani, wa kuumeni na wa kukeni. Shule sikukaa sana, lakini jina likishaniingia halitoki. Hapa siyaandiki, maana wenyewe wamekwisha kufa, sina wa kumwomba ruhusa. Nieleze tu habari ya kaniki.

Nilikuwa nakaa kwa binti yangu, Dubai, mtaa wa International City. Mumewe alifanya kazi Silicon Oasis, mambo ya kompyuta. Ofisini kwao palikuwa na bwana mmoja mpenda mambo ya kale, akawaalika wenzake na familia zao wakapige kambi jangwani Ijumaa na Jumamosi, waishi kama watu wa zamani. Kupika kwa kuni, simu marufuku, nguo za enzi zile. Na kila mtoto atasimama mbele ya watu aseme yeye ni nani, na huyo awe mtu wa kwao kweli, wa enzi zile.

Mkwe wangu alikwisha azima joho lenye nakshi za dhahabu, na jambia la bandia. Akamwambia mwanawe, "Wewe utakuwa binti wa tajiri wa Mji Mkongwe."

Mjukuu wangu, wa miaka tisa, akanijia jikoni. "Bibi, kwetu palikuwa na tajiri?"

"Hakuwapo."

"Sasa nitasemaje? Wamesema mtu wa kweli."

Nikamtajia mama yangu, na mama yake mama, ambaye ndiye aliyenilea, na mama yake huyo. Hapo akanisimamisha. "Huyu wa mwisho alivaa nini?"

"Kaniki. Nguo nyeusi, anaifunga kwapani. Basi."

"Kichwani?"

"Kitupu."

"Miguuni?"

"Peku. Alikuwa mtumwa, mjukuu wangu. Watumwa hawakuachiwa kuvaa viatu wala kujifunika kichwa."

Binti yangu akageuka na mwiko mkononi. "Mama! Yalla, haya, mwambie hadithi nyingine."

"Nyingine sina."

Mtoto hakulia wala hakuogopa. Aliuliza tu. Viatu vina nini hata mtu akatazwe? Akikanyaga mwiba je? Nani alikuwa anatazama miguu ya watu? Mengine nilijua, mengine nikamwambia sijui, na mimi nikaanza kujiuliza mambo ambayo umri wangu wote sikuwahi kuyauliza. Mwisho akasema, "Nataka kuwa huyo." Mama yake akaguna, lakini Jumatano akatupeleka Deira kutafuta kitambaa.

Dubai nguo nyeusi ndiyo imejaa, mabaibui matupu! Mwenye duka, Mhindi mmoja mchangamfu, akatukunjulia jora juu ya jora. "Madam, hii Japani, nambari moja!"

"Mwambie nataka kibaya," nikamwambia binti yangu.

"Kibaya vipi, Mama?"

"Kizito, hakina mng'ao, kikifuliwa kichuje."

Yule bwana alipotafsiriwa akashika kifua kama nimemtukana. Dukani kwake kibaya hakipo! Tulizunguka hata miguu ikaniwaka, tukapata pamba nyeusi ya bitana kwenye kapu la vipande, nje ya duka jingine. Nikaishika. Nikasema, ndiyo hii.

Alhamisi, mkwe wangu aliporudi kutoka kazini, nilikuwa namfunga mtoto mbele ya kioo cha kabati. Baba mtu alikuwa na furaha ya safari; hata hakututazama vizuri, akavaa joho lake juu ya nguo za kazi, akaja kusimama nyuma ya mwanawe ajione.

Wakajiona wote wawili. Yeye na dhahabu zake na jambia kiunoni. Mtoto mbele yake, mabega wazi, kichwa kitupu, peku.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Mtoto akalitaja lile jina, sawasawa nilivyomfundisha. Kisha akamtazama kiooni. "Baba, na wewe ndiye bwana wangu? Wewe ndiye uliyenikataza viatu?"

Nilidhani baba yake atanigombeza mimi. Alikuwa na haki, watu wa ofisini ni wake, si wangu. Akafungua joho taratibu, akaliweka kitandani.

"Vaa tu, baba yake," binti yangu akasema. "Mchezo huu."

"Siwezi kukaa naye hivi mbele za watu."

"Basi mtoto abadilishe."

"Sibadilishi!" mtoto akasema.

Mkwe wangu akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama," akaniambia, "upande wangu mimi nawajua mpaka babu, basi. Yule babu alizaliwa na nani?"

"Muulize mama yako. Mie ni wa ukoo mwingine."

Akatoa simu, akapiga Unguja. "Shikamoo mama. Hatujambo. Nataka kukuuliza, babu, mzee wake baba... mama yake alikuwa nani? Alivaa nini?"

Mama mtu akacheka kule hata tukamsikia. "Leo umepatwa na nini wewe? Umekula?"

"Nimekula, mama. Niambie."

Kicheko kikakatika. "Kaa kitako basi, nikwambie." Mtoto akapanda kitandani na kaniki yake, akasogeza sikio kwenye simu, na mie nikasogea pia.