Ukingo Uliochaguliwa kwa Nyayo

Fundi Kipimo alijenga nyumba za watu miaka arobaini, na mtaa mzima ulijua, maana aliusimulia mwenyewe, uwe umeuliza au hujauliza. Lakini asubuhi ile, mbele ya lango lake, alikuwa ameduwaa kama bwana harusi aliyesahau jina la bibi harusi.

Njia yake ya gari ilikuwa ya kokoto. Pale ilipokutana na njia ya waenda kwa miguu, kokoto zilitoroka nje kila siku. Ukingo ulihitajika. Alikuwa amepanga aina tatu chini kwa majaribio, kila moja na kipande chake cha mpaka, bila kuzijengea kwa saruji: zege lililoinuka, zege laini lililolala sawa na ardhi, na matofali ya kuchoma yaliyozikwa kwa ubavu, migongo tu ikichungulia.

Tatizo lilikuwa mkewe. Macho yake yalikuwa yanafifia. Dunia aliiona kama kupitia maziwa, miti ikielea, watu wakiyeyuka. Bado alitaka kwenda mwenyewe kwa dada yake, nyumba ya tatu kushoto. Kokoto zilipoisha, zilibaki hatua tatu tu kufika barabarani; ilibidi nyayo zimwambie mahali pa kugeuka.

"Nikishindwa kutoka peke yangu," alisema, "niwekeni uani nihesabiwe na vyungu vya maua."

Fundi akavua viatu, akafumba macho. Akatembea taratibu, kokoto zikinong'ona chini yake kama mvua ya mbali, hata akahisi anaelea. Akasimama imara juu ya zege laini.

"Hili! Nimelijua papo hapo. Nyayo zangu zina macho, bibie."

Mkewe akajaribu, viatu mkononi, uso umeinuliwa kama anayesikiliza wimbo. Akapita kokoto. Akapita zege. Akaendelea kuelea, mtulivu, mpaka mumewe alipomdaka mkono.

"Tumefika ukingoni?"

"Tumeupita."

Baiskeli ikapita karibu, upepo wake ukawapuliza nguo.

"Hebu lete huo mguu," mkewe akasema. Akaupapasa wayo wa mumewe, mgumu kwa miaka ya saruji. "Hii ndiyo yenye macho? Mume wangu, hili ni gurudumu la lori! Ulihesabu hatua, wala hukuhisi kitu."

Fundi akakohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa. "Basi chagua wewe."

Zege lililoinuka lilimgonga kidole, akalitukana kwa adabu. Kwenye matofali akasimama. Vidole vikatambaa kwenye mifereji, ufa baada ya ufa, naye akatabasamu kama mtu aliyeshikwa mkono usingizini.

"Hapa."

Fundi akayajengea. Saruji ilipokauka, mkewe akatoka, kokoto zikinong'ona, akasimama juu ya matofali. Nyuma yake viatu vikubwa vikaanza kunyata.

"Usinifuate."

Akageukia kushoto, akayeyuka kwenye mwanga. Fundi alibaki langoni, akafagia mahali palipokuwa safi, mpaka aliposikia mlango wa shemeji yake ukifunguliwa na vicheko viwili vikipokeana.