Ulikwenda na Nani?

Kwetu nyanda za juu, ukimkosea mtu unamfuata mwenyewe mlangoni kwake. Basi siku binti yangu alipomrushia jiwe mtoto wa jirani yetu pale Mbegani, nusura amtoe jicho, sikungoja. Mtoto aliporudi kutoka kushonwa tu, nikaenda peke yangu kuomba radhi.

Mama yake alinikaribisha chai ya tangawizi. "Hamna neno, mwalimu. Watoto ni watoto." Nikarudi moyo mwepesi.

Wepesi wenyewe haukudumu. Salamu zilifupishwa, na watoto wao wakaitwa ndani kila binti yangu alipotokea uani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikawa nausubiri kwa hofu. Nilishasikia kwamba Pwani mtu akiumizwa hagombani. Husoma albadiri, kisomo cha kumshitaki mbaya wake kwa Mungu. Mimi Mkristo, lakini homa ilipomshika binti yangu Alhamisi, nilimpa dawa huku naiwaza albadiri.

Ijumaa baada ya swala, wanaume wenye kanzu wakaingia kwa jirani, na sauti za kisomo zikavuka ua. Nilifunga madirisha mchana kweupe. Nikaona haitoshi, nikambeba mtoto na kukimbilia kwa bibi mwenye nyumba wetu, mzaliwa wa hapo.

"Shikamoo, bibi. Wanamsomea mwanangu!"

"Marahaba. Kwani radhi hukuomba?"

"Niliomba."

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Basi hujaenda, mwanangu."

Alijitanda khanga, akamwita shemeji yake, tukaongozana, mtoto nimembeba. Nilikatazwa kufungua mdomo, adhabu kubwa kwa mtu kama mimi. Bibi akaniombea radhi upya mbele ya watu wote. Kumbe kisomo kilikuwa cha shukrani, jicho la mtoto limepona. Ikasomwa fatiha, na mgonjwa wangu akala pilau sahani moja na mwenzake mwenye kovu.

Wakati wa kuaga, mama wa mtoto alinishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi kama wangu.

"Mwalimu, siku ile ulinitisha. Mtu aje na jambo zito namna ile, nyuma yake hana hata mmoja? Nikasema huyu ana lake. Tangu siku hiyo nawafungia wanangu ndani."